Mtu Aliyekatazwa Kushiba

Harufu ya Siku ya Matikiti humfikia mtu kabla hajaliona paa la kwanza la mji wetu. Si harufu ya mavuno, kama wanavyoandika kwenye mabango. Ni harufu ya utamu uliopitwa na wakati, ya matikiti maji yaliyopasuka juani yakaachwa, ya maganda yaliyosukumwa mtaroni yakalala juu ya maji machafu mpaka nzi wakayafunika kama kitambaa cheusi. Nilishuka kwenye basi siku ya Alhamisi, kiangazi kikiwa kimepamba moto, na hatua ya kwanza niliyopiga ikanata. Barabara nzima ilikuwa imelowa juisi. Mbele ya duka la dawa walikuwa wakifanya mazoezi ya kuviringisha matikiti, mchezo ambamo watu wazima wenye wajukuu hutambaa kwa magoti wakisukuma tikiti kwa paji la uso hadi kwenye lango la soko. Kando yao, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu niliyemheshimu tangu utoto, alikuwa amechuchumaa na utepe wa kupimia michezo ya kuruka, akipima umbali wa mbegu zilizotemwa na walimu wenzake, pamoja na mate yao.

Kwa miaka mingi nilikuwa sijafika nyumbani wakati wa sherehe hizo, na nilifanya hivyo kwa kusudi. Safari hii nilirudi kwa sababu mama mkubwa alinipigia simu. Hakunisalimia kwa kirefu kama ilivyo kawaida yake.

"Njoo umwone baba yako mkubwa," alisema. "Mguu unanuka, na Jumamosi anataka kupanda jukwaani. Mimi nimesema mpaka mdomo umeota sugu."

Baba mkubwa ni kaka yake marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilea. Ni fundi viatu. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa ghala la mbegu, na upana wake humtosha mtu mmoja aliyekaa na mwingine aliyesimama, mguu mmoja peku, akisubiri kiatu chake. Ndani mna kigoda, chuma cha kugongea viatu, kopo la gundi lisilofunikika vizuri, vipande vya mpira wa gurudumu vilivyokatwa tayari kuwa soli, na sindano nene za kutobolea ngozi zilizochomekwa ukutani. Humo ndimo nilimofanyia kazi zangu zote za shule, nikiwa nimekalia gunia la viatu visivyodaiwa na mwenyewe. Alinisomesha hadi sekondari kwa kushona viatu vya watoto wa watu wengine.

Katika ujana wake alikuwa mwembamba, mpole, na mji haukuwa na habari naye. Watu walimwita "wewe wa viatu". Walikuja wakamwekea kiatu wakiwa wamegeuza uso, wakaja kukichukua wakiwa bado wameugeuza. Naeleza jambo hili mapema kwa sababu asiyelijua hatamwelewa mzee wangu. Atamwona mlafi tu, na ulafi hakuwa nao hata chembe.

Mwaka mmoja, siku ya sherehe, alichelewa kufunga kibanda. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na viatu vya wanafunzi vilikuwa vimemlundikia mpaka magotini. Tangu alfajiri hakuwa ametia kitu kinywani. Alipokatiza uwanjani akielekea nyumbani, alikuta nafasi moja tupu jukwaani kwenye shindano la kula, na mtu fulani akamsukuma juu kwa utani. Alikula kwa sababu alikuwa na njaa. Hilo tu. Wenzake walikuwa wamekuja kucheza, yeye alikuwa amekuja na njaa ya kutwa nzima, akawabwaga wote. Walimvika utepe mpana wa kijani na mwekundu, wakambeba mabegani, wakampa jina la Shimo. Kesho yake, watu walipomletea viatu, walimtazama usoni.

Sasa nieleze shindano lenyewe, ingawa kalamu yangu inaona kinyaa. Washindani huketishwa kwenye meza ndefu. Mikono yao hufungwa nyuma kwa utepe. Kila mmoja huwekewa nusu ya tikiti, kisha nusu nyingine, kisha nyingine, naye hula kwa kuuzamisha uso mzima humo, kama ng'ombe kwenye hori. Muda haupimwi. Anayetapika hapotezi nafasi yake. Hupanguswa, akawekewa nusu nyingine palepale alipotapika. Kuna jambo moja tu linalomtoa mtu mchezoni, nalo ni kulisema neno: "Nimeshiba." Na bingwa anayelitamka neno hilo hawezi kushuka hivi hivi. Hufukiwa. Umati wote humtupia maganda na makapi ya matikiti hadi aonekane kichwa tu, na wakati mwingine hata kichwa kisionekane.

Kwa sababu hiyo neno hilo limekuwa mwiko mjini kwetu. Msimu wa mavuno ukifika, mtoto akisema mezani kuwa ameshiba, mama yake humgonga mdomoni. Wanasema "nimefika" au "nimetulia", wakicheka. Kwa wengine mwiko huu huisha pamoja na sherehe. Kwa baba mkubwa haukuisha. Alipokaribishwa chakula kwenye nyumba ya mtu, wenyeji walimrundikia sahani makusudi, wakamkodolea macho wakisubiri Shimo alitamke. Hakulitamka kwao, na taratibu akazoea kutolitamka hata nyumbani kwake.

"Nimeolewa na mtu asiyeshiba," mama mkubwa aliniambia wakati fulani, nikiwa bado nasoma. "Wageni wakija wananiangalia mimi, kana kwamba namnyima. Nimepika maisha yangu yote, sijasikia shukrani ya tumbo lake."

Ndivyo mji ulivyomgeuza mtu mwenye haya kuwa chombo cha kuchekea. Walimvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa kila siku, kwa kuwa kichwa chake hakikuwa kimewahi kuvikwa kitu kingine.

Nilimkuta kibandani Alhamisi hiyohiyo. Hakuinuka kunipokea.

"Karibu, binti yangu. Mbona umekonda? Huko hawali?"

"Shikamoo, baba mkubwa. Wanakula kwa mikono."

Alicheka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ndani ya ndara aliyoikata sehemu ya mbele, na kidole gumba kilifungwa kitambaa kilichoingia manjano. Harufu ya gundi ilijaza kibanda, lakini chini yake palikuwa na harufu nyingine, nzito, tamu, ambayo kwa muda nilidhani imetoka barabarani.

"Umeumia lini?"

"Msumari huu wa kazi. Majuma mawili yaliyopita niliukanyaga asubuhi, jioni navua kiatu ndipo naukuta umo. Haukuniuma hata kidogo." Alilisema hilo kwa kujidai, kama anayeeleza ushujaa.

"Kutouma ndiko kubaya kwenyewe. Muuguzi wa zahanati amesemaje?"

Kisukari alikuwa nacho tangu mwaka juzi. Nyumbani hakikuwa siri. "Amesema nisiguse sukari," alijibu. "Siigusi. Chai nakunywa chungu, mama yako mkubwa shahidi. Soda nimeisahau. Keki ya harusi ya jirani imepita mbele yangu nikaiaga kwa mkono."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi ni tikiti."

"Tikiti lina sukari, baba mkubwa."

"Tikiti maji." Alinyoosha sindano kama mwalimu mwenye chaki. "Maji, binti. Waliolipa jina hawakuwa wajinga. Umesikia wapi mgonjwa akikatazwa maji?"

Ningalitaka kusema kwamba aliyatunga mwenyewe hayo, lakini siwezi. Nilikuwa nimeshayasikia kwa muuza dawa, na jioni hiyo niliyasikia tena bombani, wanawake wakiyarudia kwa uhakika wa watu wanaosoma tangazo la serikali: maji hayamdhuru mwenye sukari, na jina la tunda linajieleza. Huu ndio ujinga unaonichefua kuliko ule wa kutojua, ujinga unaojiona umefanya utafiti. Kwa hoja hiyo njugu mawe zingejengea nyumba.

Kabla sijamjibu, mpita njia mmoja alipaza sauti. "Shimo! Tumbo liko wazi?"

"Wazi kama lango la ghala!" alijibu baba mkubwa, na uso wake ukang'aa kweli, kama wa mtu aliyeitwa na wazazi wake. Yule mtu alipopita, mwanga ule ukazimika. Alichukua kiatu, akakitia kwenye chuma, akakigonga pasipohitaji kugongwa.

"Nikishuka watanifukia," alisema bila kunitazama.

"Wakufukie. Maganda yanaoshwa. Mguu ukikatwa hauoti."

"Wewe hujui kufukiwa. Ulikuwa mdogo, tulikuacha nyumbani." Akakigonga tena kile kiatu. "Mtu hainuki tena, hata akiinuka."

Siku ya Ijumaa nilikwenda kwa Mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Huyu ndiye mwenye malori yanayosafirisha matikiti ya wilaya nzima, na matikiti yasiyoweza kuhimili safari, yaliyolainika na kutoboka, ndiyo anayoutolea mji kwa ukarimu wake. Wanawake wa sokoni huyalilia matikiti mazuri wayauze, wakaambiwa yamekwisha. Nilimkuta ofisini, nyuma ya ghala, akijaribishwa kofia iliyochongwa kwa ganda la tikiti, maji ya tunda yakimtiririka nyuma ya masikio. Aliyekuwa akimvalisha ni mtangazaji wa sherehe, mtu mwenye sauti ya chuma ambaye wote tunamwita Kipaza.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nilisema, "nimekuja kuomba baba mkubwa atolewe kwenye shindano. Ana kisukari na ana kidonda."

"Dada yangu." Aliiweka kofia sawa. "Mji huu una nini kingine? Mto hatuna, reli hatuna, mchezaji mpira hatuna. Tuna Shimo."

"Mna mgonjwa."

"Kwani sisi tumemfunga kamba?"

"Mtamfunga kesho, mikono nyuma."

Kipaza aliangua kicheko. "Huyu kasoma, huyu! Sekondari imemkaa kooni, haiteremki!"

"Basi mwacheni ashuke kwa heshima," nikasema. "Mumshukuru, mumpe mkono, achukue kiti mbele akae kama mgeni rasmi. Mtapungukiwa na nini?"

Mwenyekiti alitikisa kichwa taratibu, akihofia kofia. "Akilisema neno, anafukiwa. Kanuni haichagui mtu. Tukimwachia yeye, mwakani kila mtu atashuka anavyotaka, na hapo sherehe haipo tena. Wewe umekuja kututembelea, dada, usituvurugie."

Niliwatolea uvivu wote wawili. Niliwaambia kwamba sherehe inayohitaji mguu wa mzee ili isimame haina miguu yake yenyewe. Kwamba zahanati iko ng'ambo ya uwanja na kila mwaka wanaahidi kuinunulia sinki la kunawia, na kila mwaka wanashona mapazia ya jukwaa. Kwamba chakula kinachosagwa chini ya visigino vya watu wazima siku moja kingewalisha wagonjwa wa wodi nzima kwa juma. Walinisikiliza kwa uvumilivu ule ambao watu humsikilizia mlevi. Nilipotoka, Kipaza alikuwa akiniiga sauti.

Jumamosi asubuhi mama mkubwa aliketi uani, akauweka mguu wa mumewe mapajani mwake. Aliufungua, akausafisha, akaufunga kwa kitambaa kipya, kisha akautia ndani ya mfuko wa nailoni na kuukaza kwa ukanda wa mpira. Baba mkubwa muda wote alitazama ukuta. Hakuwa amewahi kukiangalia kidonda chake. Tulikuwa tukikiangalia sisi.

"Huo mfuko wa nini?" aliuliza.

"Unakwenda kukanyaga uchafu wao. Angalau uchafu wao ubaki nje." Alimshusha mguu polepole. "Mimi siji. Sina macho ya kuona hayo."

"Wanasubiri, mke wangu. Mji mzima."

"Mji mzima haukufungi bandeji."

Baba mkubwa alinyanyuka. Alivaa shati jeupe, akajivika utepe wake, tukaenda. Njiani walimpigia makofi, wakamshika bega, wakamwinulia watoto. Aliwajibu wote kwa mkono, akichechemea na mfuko ule ukilia chakacha kila hatua. Nilitembea nyuma yake, macho kwenye mfuko.

Uwanja ulikuwa umefurika. Jua lilikuwa utosini, na rundo la matikiti kando ya jukwaa lilikuwa limeanza kuchuruzika lenyewe. Muuguzi, yule yule aliyemkataza sukari, alikuwa safu ya pili, amejifunga skafu ya kijani, akiimba na wenzake. Nilimkazia macho. Akajitia hamnazo.

Mpinzani wa kutisha alikuwa mmoja tu, mchukuzi wa sokoni, kijana aliyeshiba misuli na mwenye shingo nene kama gogo. Walifungwa mikono nyuma. Wakawekewa nusu za kwanza. Nyama ya tikiti la baba mkubwa ilikuwa imeiva kupita kiasi, nyekundu inayoelekea kuwa kahawia, na nzi alikuwa amezama ndani akipigapiga bawa moja.

"Haya!" Kipaza alinguruma. "Nyuso majini!"

Mchukuzi akazama. Sauti ya kufyonza ikapaa kwenye vipaza sauti, kwa maana walikuwa wamemwekea kinasa sauti mezani makusudi ili watu waisikie. Umati ukashangilia. Baba mkubwa hakuinama. Alikuwa akilitazama tikiti lake kama mtu aliyeletewa kiatu asichojua kitashonwa wapi.

"Shimo anapiga hesabu!" Kipaza akatania. "Anapima kina! Subirini, mtaona mafuriko!"

Watu walicheka. Baba mkubwa bado alikuwa ameketi wima. Kisha nikaona midomo yake ikisogea, lakini kelele zilimeza alichosema. Kipaza, akidhani ni mzaha wa kuchangamsha, alimsogezea kinasa sauti kinywani.

"Rudia, bingwa! Waambie!"

"Nimeshiba," alisema baba mkubwa.

Neno lile lilizunguka uwanja mzima kupitia kila kipaza sauti, likagonga ukuta wa ghala, likarudi. Kicheko kilikatika. Aliyesikika ni mchukuzi tu, aliyekuwa hajasikia, akiendelea kufyonza.

"Lakini hujala!" Kipaza alinong'ona, na mnong'ono huo pia ukatangazwa kwa wote.

"Nilishiba zamani. Mwaka ule wa kwanza, tikiti la pili, nilikuwa nimeshiba. Miaka yote hii nimekuwa nimeshiba. Nilikuwa sisemi tu."

Palizuka ubishi. Wengine walisema asiyekula hawezi kuhesabiwa ameshiba. Wengine walisema ni dharau. Mwanamke mmoja alilia kwamba ametoka mbali na watoto wake ili waone nini sasa. Wote walimgeukia Mwenyekiti. Alisimama na kofia yake ya ganda, iliyokuwa imeanza kulegea na kumfunika jicho moja.

"Neno ni neno," alisema. "Kanuni haichagui."

Ganda la kwanza lilitoka nyuma kabisa, likampiga begani. La pili lilipasuka kifuani, juu ya utepe. Nikapanda jukwaani kumfungua mikono, lakini ule utepe ulikuwa umelowa na fundo limekaza, na Kipaza akanivuta kiwiko akisema nisiharibu. Maganda yakaanza kunyesha. Si maganda peke yake: yalikuwamo makapi yaliyokwisha kutemwa, yalikuwamo yale ya mtaroni, yenye funza. Walirusha watu niliosoma nao. Alirusha mwalimu mkuu, kwa mkono uleule aliopimia mate. Walirusha waliovaa viatu vilivyoshonwa na mzee yule, na nilivitambua viatu vyao kwa mshono.

Hapo ndipo mama mkubwa alipotokea. Sijui alibadili nia saa ngapi. Alikuja akisukuma watu kwa beseni la kufulia, akapanda jukwaani, na badala ya kumkinga mumewe kichwa, kama ambavyo ningefanya mimi, alikaa chini, akaufunika mguu ule mbovu kwa beseni na kulikumbatia kwa mikono yote miwili. Yalimpata yeye mgongoni, shingoni, kwenye kitambaa cha kichwa.

"Tupeni!" alipiga kelele. "Tupeni, mnaopenda kula kwa macho! Wewe mwalimu, mbona umeacha? Mkono umechoka? Na wewe muuguzi, njoo basi utupe, si una shabaha, kazi yako kudunga!"

Ningependa kuandika kwamba waliona haya wakaacha. Wachache waliacha, muuguzi alivua skafu yake na kuondoka bila kugeuka. Waliobaki walitupa hadi rundo likaisha, wakicheka, wakipigana picha, wakiinua watoto juu ya mabega ili nao watupe. Baba mkubwa hakukwepa hata ganda moja. Alifumba macho tu, mbegu zikamjaa kwenye kope.

Walipomaliza, mchukuzi aliinua uso akiwa hajui kilichotokea, akatazama huku na huku, kisha akatapika kwenye meza yote. Wakamshangilia. Wakauvua utepe ule kwenye kifua cha mzee, ukiwa unatona, wakamvika yeye, na tayari mtu alikuwa amempatia jina jipya. Wakambeba. Sisi tulibaki watatu jukwaani, na fundo nililifungua kwa meno. Ladha yake bado ninayo.

Siku ya Jumapili hakuna aliyepita nyumbani kutusalimu, si kwa pole, si kwa kejeli. Jumatatu asubuhi nilimpeleka baba mkubwa zahanati. Uwanja ulikuwa haujafagiliwa. Maganda yalikuwa yamefanya utando, na mbuzi waliofunguliwa kuyala walikuwa wamesimama kando wakiyatazama. Tuliokutana nao njiani waligeuza uso. Tuliketi kwenye benchi la ukumbi, dirisha likiwa wazi, na uvundo ukaingia ukakaa nasi kama mgonjwa wa pili.

"Umeona wanavyonipita?" aliniuliza.

"Nimeona. Ni washenzi, baba mkubwa. Siwapunguzii hata herufi moja."

Alichokoa kucha zake, ambazo chini yake wekundu ulikuwa haujatoka licha ya kuoshwa mara nyingi.

"Usinitoe mimi humo," alisema. "Kabla yangu alikuwako bingwa mwingine, mwashi. Mwaka ule niliopanda kwa njaa, mimi ndiye niliyemfanya aseme. Walipoanza kumfukia, walinifungua mikono ili na mimi nitupe. Nikatupa." Akazitazama kucha zake. "Nilichagua ganda lenye ncha. Nilimlenga usoni, binti yangu, na lilipompata nilisikia raha. Sijawahi kusikia raha kama ile. Mwezi haukuisha, akahama na familia yake. Hata viatu vya mtoto wake aliviacha kibandani kwangu, hakuja kuvichukua."

Nilikuwa nimekuja mjini na hasira iliyonyooka, yenye watu wa kulaumiwa upande mmoja na mzee wangu upande wa pili; naye alikuwa ameketi kando yangu akivuka kwenda ng'ambo ile kwa hiari yake. Lakini sikuondoa mkono wangu begani kwake.

Muuguzi alituita. Hakunitazama, nami sikumsaidia kunitazama. Alimlaza baba mkubwa, akachukua mkasi, akaukata mfuko wa nailoni, kisha kitambaa. Nilijua mzee angegeukia ukuta, kwa hiyo nilisogea ili niangalie kwa niaba yake kama kawaida. Hakugeuka. Alijiinua kwa viwiko, akakitazama kidole chake kwa mara ya kwanza, kilivyovimba, kilivyogeuka rangi, na shimo lililotobolewa na msumari likiwa limejaa usaha.

"Kinanuka," alisema.

"Kinanuka, mzee," muuguzi alikubali kwa sauti ndogo. "Lakini hakijafika mfupani. Ungekula Jumamosi…" Hakuimaliza sentensi. Nadhani alikumbuka ilipokuwa safu yake. Aliinama, akaanza kuikata nyama iliyokufa vipande vidogo vidogo na kuviweka kwenye sahani ya bati. "Ukisikia maumivu niambie, nitasimama."

Baba mkubwa aliufuatilia ule mkasi kwa macho, kama anavyofuatilia mshono.

"Usisimame," alimwambia. "Kata mpaka paanze kuuma."